Meno kama Hati ya Umri: Farasi, Ng'ombe na Mpaka wa Grande Barrière

Grande Barrière, kizuizi cha mpakani baina ya Gisenyi na Goma, kinasimama juu ya mpaka ulioafikiwa Brussels mwaka 1910 na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza. Wanahistoria wa mipaka, kwa maoni yetu, wametazama mno mihuri na hati za forodha. Ng'ombe hakuzaliwa na hati. Umri wake umo kinywani.

Katika nchi za farasi elimu hiyo ni ya kale. Sehemu kubwa ya jino la farasi imefichwa ndani ya taya. Huchomoza milimita 2 hadi 3 hivi kila mwaka, nayo majani yenye chembe ngumu hulisaga kwa kadiri hiyohiyo, mpaka akiba iishe uzeeni. Wachuuzi walikisia umri kwa umbo la uso uliosagika. Walaghai nao walichonga na kuchoma vishimo bandia, ili mkongwe aonekane kijana.

Rwanda ya kale haikuwa na farasi. Elimu ya kinywa huku ni ya ng'ombe, na misingi yake ni mingine. Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu, ila ufizi mgumu. Umri wa ujana wake husomwa kwa kuota kwa meno kuliko kusagika: jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutokea anapokaribia miaka 2, na ya nne anapofikia miaka 4 hivi.

Uzito wa elimu hiyo ulidhihirishwa na sotoka, maradhi yaliyoangamiza mifugo ya Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1890. Karne moja baadaye, katika kampeni za kuyatokomeza barani Afrika, chanjo iliposimamishwa kulizuka tatizo: damu yenye kingamwili haisemi kama zilitokana na chanjo au na ugonjwa. Meno yalijibu. Mnyama ambaye meno yake yalionyesha kuwa alizaliwa baada ya chanjo kukoma hakupaswa kuwa nazo; akiwa nazo, virusi vilishukiwa kuwa vingali vinazunguka. (Ndama wachanga waliachwa, kwani maziwa ya mama huwapa kinga ya muda.) Kutokomezwa kwa sotoka kulitangazwa mwaka 2011.

Tena, afisa aliyefungua kinywa ili ahesabu meno aliweza kuona vidonda vya ufizi na ulimi, ambavyo ni dalili za sotoka yenyewe.