Tenisi: Mazoezi, safari na afya ndizo nguzo za mchezaji

Na Mwandishi Wetu

JULAI 2022, msichana wa miaka 18 kutoka Nairobi, Angella Okutoyi, alinyanyua kombe katika viwanja vya nyasi vya Wimbledon, Uingereza. Yeye na mwenzake, Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, walipoteza seti ya kwanza 3-6 mbele ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Canada, wakashinda ya pili 6-4, kisha wakapata pointi 11-9 katika seti fupi ya kuamua mshindi. Ulikuwa ubingwa wa vijana, upande wa wasichana wanaocheza wawili wawili, na hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la aina hiyo.

Wengi walisema ni kipaji. Kipaji alikuwa nacho, lakini hakikumfikisha huko peke yake. Okutoyi, aliyelelewa na bibi yake, alianza kushika raketi akiwa mdogo. Baadaye alikwenda Morocco kufanya mazoezi katika kituo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF). Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa vijana wa Afrika nchini Tunisia, na Januari 2022 akawa Mkenya wa kwanza kushinda mechi ya vijana katika mashindano ya Australian Open. Machi 2024 alitwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Accra, Ghana.

Njia hiyo inaonyesha mambo matatu yanayotegemeana: mazoezi yenye mpangilio, safari za kukutana na wapinzani wapya, na mwili uliotunzwa. Likikosekana moja, mengine mawili hayadumu. Mzazi anayempeleka mtoto uwanjani kila Jumamosi, na mfanyakazi anayecheza baada ya saa za kazi, wote wanahusika.

Mazoezi yenye lengo

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kudhani kuwa wingi wa saa ndio ufundi. Mchezaji anayeanzisha mpira mara 50 huku akilenga kona aliyoichagua, na kuhesabu ni mipira mingapi imefika, hujifunza zaidi ya yule anayepiga mara 200 bila kulenga popote. Asiye na mwenzake wa kucheza naye anaweza kutumia ukuta, mradi achore mstari wenye kimo cha wavu, ambao katikati ni sentimita 91.

Kosa la pili huwapata watoto. Uwanja kamili una urefu wa mita 23.77, na mpira wa kawaida humdundia mtoto wa miaka saba juu ya kichwa. Ili aufikie, hulazimika kushika raketi vibaya, na mazoea hayo humfuata hadi ukubwani. Ndiyo maana tangu mwaka 2012 kanuni za ITF zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini yachezwe kwa mipira yenye kasi ndogo.

Mpira mwekundu, wenye kasi pungufu kwa asilimia 75, hutumika katika uwanja wa mita 11. Wa rangi ya chungwa, pungufu kwa asilimia 50, hutumika katika uwanja wa mita 18. Wa kijani, pungufu kwa asilimia 25, hutumika katika uwanja kamili. Mzazi akiona kocha anatumia mipira hiyo, asidhani mwanawe anachezeshwa mchezo wa kitoto. Huo ndio msingi wenyewe.

Safari ni darasa

Anayecheza na watu walewale kila wiki huwazoea wao, si mchezo. Mpinzani mgeni humwonyesha udhaifu ambao rafiki zake wamekwishauzoea. Si lazima safari ya kwanza iwe ya Ulaya. Klabu ya mtaa wa pili au mji wa jirani inatosha kuanzia, na gharama yake hubebeka.

Safari hufundisha pia tabia za viwanja. Juu ya udongo, mpira hupungua kasi na kudunda juu, hivyo mchezaji huhitaji subira na pumzi. Juu ya nyasi huteleza na kudunda chini, hivyo hulazimika kukunja magoti na kuamua haraka. Uwanja wa saruji huwa katikati ya hizo mbili, lakini huumiza magoti na visigino zaidi.

Hata hewa hubadilisha mchezo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huufanya mpira upae na kwenda mbali. Mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa akifika huko hushangaa kuona mipira yake ikitoka nje. Kanuni za ITF hata zinaruhusu mipira maalumu katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,219. Inafaa basi kufika siku mbili au tatu kabla ya mashindano, kufanya mazoezi mepesi siku ya kwanza, kulala vya kutosha na kuepuka vyakula vigeni hadi mechi ziishe. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahaulike pale kinapohitajika.

Mwili ndio mtaji

Maumivu yanayowasumbua wengi ni ya upande wa nje wa kiwiko. Hutokana na kano za mkono kuchoshwa kwa kurudia pigo lilelile, hasa mchezaji anapobana mpini kupita kiasi, anapochelewa kupiga mkono wa nyuma, au nyuzi za raketi zinapokazwa mno. Dawa ya kwanza ni kupumzika na kurekebisha pigo. Kumeza vidonge vya maumivu na kurudi uwanjani ni kuficha ugonjwa.

Kabla ya kucheza, dakika 10 za kukimbia taratibu na kuzungusha mabega zinatosha kupasha mwili moto. Katika jua la pwani, maji yanywewe kabla ya kiu kufika. Mchezaji anayeona kizunguzungu au kuanza kuchanganyikiwa aondolewe juani mara moja, apoozwe mwili na kupelekwa kwa daktari.

Kwa watoto, ushauri wa kitabibu ni kwamba saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wao, na wapate angalau siku moja ya mapumziko. Mfano wa hatari ya haraka ni Jennifer Capriati wa Marekani, aliyeingia mashindano ya kulipwa mwaka 1990 akiwa na miaka 13, kisha akauacha mchezo kwa muda kabla ya kutimiza miaka 20. Mwaka 1995 chama cha tenisi ya wanawake, WTA, kiliweka ukomo wa mashindano kwa wasichana wadogo. Capriati alirejea na kutwaa Australian Open mwaka 2001.

Dawa nazo zina mtego. Maria Sharapova wa Urusi alikuwa ametumia meldonium kwa miaka kadhaa. Ilipopigwa marufuku Januari 1, 2016, hakufuatilia orodha mpya, akakutwa nayo mwezi huohuo na hatimaye akatumikia adhabu ya miezi 15. Anayeshindana amuulize daktari kabla ya kumeza hata dawa ya mafua.

Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe anaendelea vema asitazame makombe pekee. Aangalie kama anaamka bila maumivu, kama amejifunza kitu kutoka kwa aliyemshinda, na kama Jumamosi ijayo bado anaitafuta raketi yake mwenyewe.