Gari likichemka, dereva aangalie kwanza linachemkia wapi

Si ajabu kuona, katika barabara kuu za humu nchini, gari lililoegeshwa kando boneti ikiwa wazi, mvuke ukifuka na dereva akisubiri mtungi wa maji. Maji yakishamiminwa katika rejeta, safari huendelea na tatizo husahauliwa hadi litakapojirudia. Kwa desturi hiyo, hitilafu ambayo ingerekebishwa kwa kubadilisha fyuzi au kifuniko huishia katika injini kufunguliwa yote.

Kuchemka kwa injini ni dalili, wala si ugonjwa wenyewe. Chanzo chaweza kuwa feni, rejeta, pampu ya maji, themostati, kifuniko au gasketi. Badala ya kununua vipuri kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, dereva hupunguza orodha hiyo kwa kujiuliza swali moja: je, gari huchemka likiwa limesimama au likiwa katika mwendo?

Joto na njia yake

Sehemu kubwa ya nishati inayotokana na petroli au dizeli haifiki kwenye magurudumu, bali hugeuka kuwa joto. Joto hilo hubebwa na maji ambayo husukumwa na pampu kutoka ndani ya injini hadi kwenye rejeta, ambako hupozwa na hewa. Baina ya injini na rejeta kuna themostati, vali ndogo ambayo katika magari mengi huanza kufunguka maji yafikapo nyuzijoto 82 hadi 88.

Gari likienda kwa kasi, upepo wa mbele hutosha kuipoza rejeta na feni haina kazi kubwa. Gari likisimama, upepo huo hukoma na feni hubaki kuwa tegemeo la pekee. Hapo ndipo ulipo ufunguo wa uchunguzi wote.

Likichemka kwenye msongamano

Gari ambalo mshale wake wa joto hupanda katika msongamano wa Nairobi, kisha ukashuka mara barabara inapofunguka, huwa na kasoro ya feni.

Iwapo feni ni ya umeme, jaribio rahisi ni kuwasha kiyoyozi injini ikinguruma. Katika magari mengi, feni hupaswa kuzunguka kiyoyozi kinapofanya kazi, hata kama injini bado ni baridi. Ikizunguka wakati huo lakini ikakataa injini inapopata moto, mota yake ni nzima. Yafaa kukagua kihisio cha joto na nyaya zake. Magari mengine yana feni mbili, hivyo ni muhimu kuhakikisha kila moja inafanya kazi yake.

Feni isipozunguka kabisa, fyuzi na rilei hukaguliwa kwanza kwa kuwa ndizo za bei nafuu. Baada ya hapo fundi huiunganisha mota moja kwa moja na betri. Ikizunguka, kasoro imo katika nyaya au swichi. Isipozunguka, mota imekufa. Aidha, mota iliyounganishwa nyaya zikiwa zimegeuzwa huzungusha feni kinyume, ikapambana na upepo badala ya kuusaidia. Kasoro hii hutokea baada ya matengenezo, na ni rahisi kuipita bila kuiona kwa kuwa feni inaonekana ikizunguka.

Pikapu na magari mengi ya mizigo huwa na feni inayozungushwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Injini ikiwa moto na imezimwa, feni hiyo ikisukumwa kwa mkono inapaswa kuwa nzito. Ikizunguka mara kadhaa bila kizuizi, klachi yake imechoka.

Mwenye feni ya umeme asiiguse hata injini ikiwa imezimwa, kwani katika baadhi ya magari feni hujiwasha yenyewe joto linapozidi. Kofa ya plastiki inayoizunguka nayo isiachwe gereji baada ya matengenezo. Bila kofa hiyo, feni huvuta hewa ya pembeni na kuacha sehemu kubwa ya rejeta bila upepo.

Likichemka mlimani au kwa kasi

Gari linalotulia mjini lakini likachemka linapopanda Mai Mahiu, au likiwa na mzigo katika joto la Voi na Mtito Andei, kwa kawaida halina kasoro ya feni. Tatizo ni kwamba maji hayatoshi, hayazunguki ipasavyo au hayapozwi.

Rejeta huziba kwa nje kutokana na tope, vumbi na wadudu, na kwa ndani kutokana na kutu na chumvi za maji ya visima. Pampu iliyochakaa huanza kuvuja karibu na shimo lake dogo la chini, na themostati iliyokwama hufungia maji ndani ya injini. Paipu ya chini ya rejeta nayo ikilegea huweza kubonyea injini inapovuta maji kwa nguvu. Vilevile, gari likijazwa maji bila kutolewa hewa, povu la hewa huweza kuzuia mzunguko.

Kifuniko kinachodharauliwa

Kifuniko cha rejeta huzuia maji yasimwagike, lakini kazi yake kubwa ni kuyaweka katika shinikizo ili yasichemke mapema. Jambo hili lina uzito wa pekee katika nyanda za juu. Mombasa, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzijoto 100. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa takribani nyuzijoto 94, na Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700, kwa takribani nyuzijoto 91.

Injini nyingi hufanya kazi katika joto hilohilo. Kwa hivyo, gari lenye kifuniko kilicholegea mpira huweza kuchemka jijini hata kabla ya feni kupata nafasi ya kuwaka. Mifuniko mingi ya magari ya Kijapani huandikwa 0.9 au 1.1, yaani kipimo cha shinikizo, na kipya kinapaswa kulingana na kile cha kiwandani. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huongeza kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Hata hivyo, kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu, hivyo iwekwe mbali na watoto na mifugo.

Njia za mkato

Baadhi ya mafundi huitoa themostati kwa hoja kwamba iliundwa kwa ajili ya nchi za baridi. Injini isiyokuwa nayo huchelewa kupata joto linalofaa, hutumia mafuta zaidi na huchakaa upesi. Katika baadhi ya injini, kuiondoa huacha njia ya pembeni wazi, na sehemu ya maji hurudi bila kupitia rejeta.

Wengine huiunganisha feni izunguke wakati wote. Suluhisho hilo huweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini huificha hitilafu iliyokuwapo na kuichosha mota.

Mshale unapopanda

Dereva akiona mshale unapanda, azime kiyoyozi na kuwasha hita kwa upepo wote. Hita ni rejeta ndogo na hupunguza joto la injini. Mshale ukifika kwenye alama nyekundu, aegeshe mahali salama na kuzima injini mara moja. Mshale ukishuka ghafla huku hita ikitoa upepo baridi, hiyo si nafuu: huenda maji yameisha na kihisio kinapima hewa tupu.

Kifuniko kisifunguliwe kabla ya nusu saa au zaidi kupita na rejeta kupoa, kwani maji yaliyo katika shinikizo hulipuka na kumbabua mtu uso na mikono. Maji baridi nayo yasimiminwe katika injini ingali moto. Chuma chake chaweza kupasuka.

Baada ya kisa kama hicho, dalili za kuungua kwa gasketi ni moshi mweupe usiokoma, mapovu katika rejeta, au mafuta ya injini yenye rangi ya maziwa. Gari la namna hiyo livutwe hadi gereji, lisiendeshwe. Na dereva akifika kwa fundi, asiseme tu kwamba gari limechemka. Aeleze lilikuwa wapi, kwa kasi gani, kiyoyozi kikiwa kimewashwa au la, na mara ya mwisho maji yaliongezwa lini. Maelezo hayo humwokolea fundi muda na mwenye gari pesa.