Mgongo unauma ukishona? Angalia mambo haya 6 kwenye cherehani yako

Januari ni sare za shule. Ikikaribia Idi au Krismasi ni madera, vitenge na mashati ya watoto. Fundi anakaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi usiku, na akiinuka anashika kiuno.

Wengi huchukulia kwamba kazi ya kushona ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingi shida ni jinsi kiti, mashine na taa vilivyopangwa, na kurekebisha hakuhitaji pesa nyingi.

1. Anza na kiti

Meza ya cherehani ya miguu ina kimo cha kama sentimita 75 na haishuki wala haipandi. Kinachobadilika ni kiti. Kiti cha plastiki cha kawaida huwa kifupi kwa meza hiyo, hivyo mabega yanapanda na jioni shingo inakaza.

Jipime: kaa, shusha mabega, kunja viwiko kama herufi L. Mikono ifike juu ya meza bila kuinua mabega. Haifiki? Ongeza mto mgumu, au pachika viti viwili vya plastiki kimoja juu ya kingine. Magoti yakigonga meza, umezidisha.

Kiti kisicho na mikono ni bora zaidi, kwa sababu mikono ya kiti inakuzuia kusogea karibu.

2. Kaa mbele ya sindano

Watu wengi hukaa katikati ya mashine. Sindano iko upande wa kushoto, kwa hiyo mwili unajipinda kutwa nzima. Sogeza kiti kushoto mpaka pua ielekee kwenye sindano, kisha sogea karibu ili mgongo usiiname.

3. Cherehani ya umeme juu ya meza ya chakula

Hapa kazi inakuwa juu zaidi, maana kimo cha meza kinaongezwa na kimo cha mashine yenyewe. Tafuta meza fupi. Kama hakuna, pandisha kiti, kisha weka ubao au kigae kipana chini ya miguu yote miwili ili isining'inie. Pedeli nayo ikae juu ya huo ubao, usawa wa mguu unaokanyaga.

4. Pedeli nzito inachosha miguu na kiuno

Kwa cherehani ya miguu, toa uzi, inua kile kiguu kinachobana kitambaa, kisha kanyaga. Ikiwa bado ni nzito, angalia vitu vitatu:

- Mafuta. Weka tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye matundu yake, na kwenye maungio ya pedeli na gurudumu. Usitumie mafuta ya kula, yananata na kuifanya mashine iwe nzito zaidi.
- Uzi. Nyuzi hujiviringisha kwenye gurudumu na karibu na bobini. Zitoe.
- Mkanda. Ukikaza sana, pedeli inakuwa nzito. Ukilegea, unateleza na unakanyaga sana kwa kazi ndogo. Ukiubonyeza kwa kidole uingie kidogo tu.

Tumia miguu yote miwili, mmoja ukiwa mbele kidogo ya mwingine. Kukanyaga kwa mguu mmoja siku nzima kunaelemea upande mmoja wa kiuno.

5. Mwanga utoke kushoto

Nguzo ya mashine iko kulia kwa sindano. Taa ikiwa upande huo, kivuli kinaangukia pale pale unaposhona, nawe unainama kutafuta mshono. Hamishia taa kushoto. Ukishonea barazani, geuza cherehani ili mwanga wa jua utokee upande huo. Vitambaa vyeusi vishone mchana, usiviache hadi usiku.

6. Panga kazi ili uinuke

Hata ukikaa vizuri, kukaa saa tatu mfululizo kunachosha mgongo. Badala ya kushona mashati 10 ndipo upige pasi yote, shona mawili, inuka upige pasi, rudi. Weka pasi mbali kidogo na cherehani ili ulazimike kusimama.

Kwa macho, kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20.

Lini umuone daktari?

Uchovu wa kawaida hupungua ukipumzika. Lakini vidole vikifa ganzi usiku, maumivu yakishuka kutoka kiunoni hadi mguuni, au mkono ukikosa nguvu ya kushika mkasi, usimeze dawa za maumivu na kuendelea kushona. Nenda kituo cha afya, na ueleze kwamba kazi yako ni ya kukaa kwenye cherehani na unakaa saa ngapi kwa siku.