Mkono Uliojitilia Shaka: Black Sabbath na Albamu ya 1995

Katika historia ya Black Sabbath, kundi la Birmingham, Uingereza, albamu iitwayo Forbidden ndiyo inayotajwa mara nyingi kuwa dhaifu kupita zote. Ilitoka Juni 1995, ikiwa ya kumi na nane kurekodiwa studioni na kundi hilo lililoundwa 1968, na ambalo wengi hulihesabu kuwa mwasisi wa roki nzito. Makala haya yanakusudia kuchunguza sababu za anguko hilo, kwani swali lake linawagusa watungaji wa kila fani, washairi wakiwemo: fundi mkongwe hupungukiwa na nini kazi yake inapopwaya?

Hatuna budi kwanza kurejea kwenye asili. Tony Iommi, mpiga gitaa wa kundi, alikuwa na umri wa miaka 17 mashine ya kiwanda cha mabati ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto. Vilivyoumia, basi, ni vidole vya kubania nyuzi. Alijitengenezea vifuniko kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akatafuta nyuzi nyembamba, kisha akazilegeza ili zimtii. Kufikia albamu ya Master of Reality, ya 1971, kulegezwa huko kulikuwa kumeushusha mlio wa gitaa, na uzito wake ukawa alama ya kundi. Mlio huo haukuazimwa popote. Ulizaliwa na mkono uliojeruhiwa ukijitafutia njia.

Kufikia 1995, kati ya waasisi wanne alibaki Iommi peke yake. Alikuwa na mwimbaji Tony Martin, aliyejiunga 1987, pamoja na Neil Murray katika besi, Geoff Nicholls katika kinanda, na Cozy Powell, mpiga ngoma mwenye jina kubwa. Upungufu haukuwa wa vipaji. Zama ndizo zilizokuwa zimegeuka: vijana walikuwa wamevutwa na makundi ya Seattle na muziki wa kufokafoka. Ndipo utayarishaji wa albamu ukakabidhiwa Ernie C, mpiga gitaa wa Body Count la Los Angeles, na mwenziwe Ice-T akatia sauti katika wimbo wa kwanza. Wahakiki hawakuridhika. Katika orodha ya mauzo ya Uingereza, albamu ilikomea nafasi ya 71.

Wapo watakaosema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini hapa haitoshi. Ernie C hakuwa mgeni katika nyumba hii, kwani Body Count lenyewe lilichota katika kisima cha Black Sabbath. Iommi amesimulia katika kumbukumbu zake jinsi mtayarishaji huyo alivyojaribu kumfanya Powell apige mapigo ya kufokafoka, na jinsi Powell alivyoudhika. Ni mithili ya kumwamuru malenga aliyezeekea katika utenzi avunje mizani katikati ya ubeti, huku ubeti wenyewe ukiachwa vilevile. Nyimbo zilibaki za roki ya jadi, zikavikwa vazi ambalo hazikushonewa. Hata hivyo, anayesikiliza kwa haki atakiri kuwa katika “Kiss of Death”, wimbo wa kumi na wa mwisho, mkono wa zamani bado unasikika.

Ushahidi wa kwamba ugeni haukuwa kosa ulikuja 2013. Albamu iitwayo 13, waliyorekodi Iommi, Geezer Butler na Ozzy Osbourne, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Mtayarishaji wake, Rick Rubin, naye alitoka katika kufokafoka, kwani ni mmoja wa waanzilishi wa Def Jam. Tofauti ni kwamba Rubin aliwaketisha wakongwe hao waisikilize upya albamu yao ya kwanza, ya 1970. Hakuwaletea kipimo cha wengine. Aliwarudishia kipimo chao.

Iommi hakuitupa Forbidden. Mwaka 2024, akiwa na miaka 76, aliitoa tena baada ya kuchanganya upya sauti zake, ndani ya mkusanyiko wa albamu za enzi za Martin. Ngoma za Powell, aliyefariki katika ajali ya gari 1998, zikapata nafasi zaidi, na gitaa likarejeshewa uzito. Zipo tungo ambazo hata hivyo hazikuponywa: mlio hutengenezeka, lakini wimbo ulioandikwa kwa haraka na shaka hubaki na haraka yake. Mshairi anayerudia diwani yake ya uzeeni anaujua mpaka huo. Anaweza kusawazisha mizani na kubadili kina kilicholegea. Wazo ambalo hakuliamini alipoliandika halitengenezwi kwa kina.