Uandishi wa kitaaluma katika uuguzi: kusema, kuona na kuhitimisha

Uandishi wa kitaaluma katika uuguzi hujumuisha taarifa ya hali ya mgonjwa, uchunguzi kifani, mapitio ya machapisho na ripoti ya utafiti. Nchini Tanzania na Kenya mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali wagonjwa wengi humweleza shida zao kwa Kiswahili. Hata anapoandika kwa Kiingereza, basi, kazi yake huanza na tafsiri. Kasoro nyingi zinazohesabiwa kuwa za sarufi hutokana na kuchanganya mambo matatu: alichosema mgonjwa, alichokiona au kukipima muuguzi, na alichohitimisha. Makala hii inaeleza maneno na miundo ya Kiswahili inayohusika na mpaka huo.

Dalili na ishara

Katika mazungumzo ya kila siku neno *dalili* hubeba maana zote mbili. Katika taaluma ni vyema kulitenga na *ishara*. Dalili ni kile mgonjwa anachokisikia mwilini na kukieleza, kama kizunguzungu au kichefuchefu. Ishara ni kile ambacho mtu mwingine anaweza kukiona au kukipima, kama upele, uvimbe au joto la mwili la nyuzi 38.5 za Selsiasi.

Sentensi *Mgonjwa ana homa* haionyeshi ni lipi kati ya hayo. Tena, *homa* kwa wasemaji wengi si kupanda kwa joto tu. Huweza kuwa malaria au hali yoyote ya kutojisikia vizuri. Sentensi iliyo salama ni hii: *Mgonjwa alieleza kuwa ana homa tangu juzi, alipopimwa, joto lilikuwa nyuzi 38.5.*

Maneno mapana

Baadhi ya maneno ya kawaida ni mapana kuliko taarifa inavyohitaji:

- *Mguu* huanzia kwenye paja hadi kwenye vidole. *Mkono* huanzia begani hadi kwenye vidole. Taja sehemu: paja, goti, shavu la mguu, kifundo, wayo, kiwiko, kiganja.
- *Presha* na *sukari* hutaja kipimo na pia ugonjwa. *Ana presha* huweza kumaanisha shinikizo la damu la leo au maradhi ya miaka kumi.
- *Tumbo* huweza kuwa maumivu, kuharisha au mimba.
- *Kifua* huweza kuwa kikohozi, maumivu au kifua kikuu.

Neno la mgonjwa lisifutwe. Liandikwe kama alivyolitamka, ndani ya alama za kunukuu, kisha lifuatwe na ufafanuzi uliopatikana kwa kumuuliza. Hivyo ndivyo inavyofaa kufanya hata ripoti ikiwa ya Kiingereza.

Vitenzi vya kuripoti

Kiingereza cha hospitali kina mazoea ambayo, yakitafsiriwa neno kwa neno, humdhulumu mgonjwa. *Mgonjwa analalamika maumivu ya kichwa* humfanya aonekane mnung'unikaji, kwa kuwa *kulalamika* ni kuonyesha kutoridhika. *Mgonjwa anakana kutumia pombe* humweka kizimbani. *Anadai hajala tangu jana* huashiria kuwa msemaji hamwamini. Vitenzi visivyo na hukumu ni *kusema*, *kueleza* na *kutaja*: *alieleza kuwa kichwa kinamuuma, alisema hatumii pombe.*

Kiambishi a- na mtendaji aliyefichika

Kiambishi *a-* cha nafsi ya tatu hakitofautishi jinsia wala hakionyeshi nani anayerejelewa. Katika sentensi *Muuguzi alimweleza mama wa mtoto kwamba alikuwa na upungufu wa damu*, haijulikani ni mama au ni mtoto. Palipo na watu zaidi ya mmoja, rudia nomino. Marudio hayo si udhaifu wa mtindo.

Kauli ya kutendwa nayo huficha mtu. *Dawa ilitolewa* haielezi aliyeitoa, kiasi wala wakati. Kauli hii inafaa pale mtendaji asipokuwa na umuhimu. Katika utoaji wa dawa ana umuhimu daima.

Saa, kutwa na usiku

Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo na machweo, hivyo hupishana na za kimataifa kwa saa 6. *Saa 2 usiku* ni 20:00, na 02:00 ni *saa 8 usiku*. Kuandika *saa 2* pekee ni kuiacha zamu inayofuata ikisie, na kisio hilo huweza kumpa mgonjwa dozi mbili au kumnyima moja. Tumia mfumo wa saa 24 katika maandishi, na saa za Kiswahili unapozungumza na mgonjwa.

*Kutwa* kwa asili ni mchana wote hadi jua litue; mwenzake ni *kucha*, yaani usiku wote hadi asubuhi. Maelekezo *kutwa mara tatu* hukusudia siku nzima ya saa 24, lakini mgonjwa aweza kumeza dozi zote kabla ya magharibi. *Kila baada ya saa 8* huondoa utata. Vilevile, *usiku wa kuamkia Jumanne* ni wazi kuliko *usiku wa Jumanne*.

Uzito wa dai

Katika mapitio ya machapisho vitenzi hupangika kwa nguvu: *kudokeza*, *kuashiria*, *kuonyesha*, *kuthibitisha*. Wanafunzi wengi huanza na cha mwisho. Utafiti uliowahoji watu mara moja tu unaweza kuonyesha kuwa mambo mawili *yanahusiana*; hauwezi peke yake kuthibitisha kuwa moja *linasababisha* jingine. *Watafiti wanasema* pia haitoshi. Mtindo wa APA, unaotumiwa na vyuo vingi vya uuguzi, hutaka mwandishi na mwaka vitajwe ndani ya matini.

Mfano wa urekebishaji

*Kabla:* Mama alilalamika mguu na presha. Alipewa dawa saa 2 na akaendelea vizuri.

*Baada:* Mama, siku ya tatu baada ya kujifungua, alieleza kuwa anasikia maumivu katika shavu la mguu wa kushoto. Shavu hilo lilikuwa limevimba kuliko la kulia. Shinikizo la damu lilikuwa 150/95. Muuguzi wa zamu alimwarifu daktari saa 19:40, na saa 20:00 alimpa mama dawa ya shinikizo aliyoandikiwa. Saa 21:00 shinikizo lilikuwa 140/90.

Taarifa ya kwanza inaficha jambo ambalo ya pili inalitoa wazi: uvimbe na maumivu ya upande mmoja baada ya kujifungua vyaweza kuashiria damu iliyoganda mshipani. Maneno *akaendelea vizuri* hayamwambii daktari lolote.

Kanuni hii ni ya zamani. Katika kitabu chake kuhusu uuguzi cha mwaka 1859, Florence Nightingale alikosoa swali la jumla kama mgonjwa amelala vizuri, akataka iulizwe amelala saa ngapi na katika nyakati zipi za usiku. Mwalimu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuandika pembeni mwa kila sentensi yenye shaka swali moja: *umejuaje?* Sentensi isiyoweza kulijibu haina budi kuandikwa upya.