Datsun 240Z: Namba za kuangalia kabla ya kununua tairi na rimu

Datsun 240Z ni gari la spoti la Kijapani ambalo Afrika Mashariki inalijua kwa vumbi na matope yake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakalirudisha tena mstari wa kwanza.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, gari hili bado linafufuliwa gereji. Injini inafunguliwa, bodi inapigwa rangi, viti vinashonwa upya. Halafu ikifika zamu ya tairi, wengi huchagua kwa macho. Rimu ikipendeza, inafungwa.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Gari lenye mwendo wa juu wa takriban kilomita 200 kwa saa linagusa barabara kwa sehemu nne tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja. Haya ndiyo mambo ya kukagua kabla pesa haijatoka mfukoni.

Lilitoka kiwandani na nini?

240Z iliingia sokoni mwaka 1969 ikiwa na rimu za chuma za inchi 14 zenye upana wa inchi 4.5. Magari mengi yaliyouzwa nje ya Japani yalivaa tairi la 175R14.

Leo rimu ya inchi 4.5 inaonekana nyembamba kama ya baiskeli, lakini haikuwekwa hivyo kwa bahati mbaya. Gari lenyewe lina uzito wa zaidi kidogo ya tani moja na usukani wake hauna msaada wa pawa. Tairi jembamba hufanya usukani uwe mwepesi na gari litii haraka.

Kusoma ubavu wa tairi

Chukua mfano wa 195/65R15 91H.

195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana. R ni radiali, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

91 ni uwezo wa kubeba: kilo 615 kwa kila tairi. H ni mwendo wa juu linaoruhusiwa, kilomita 210 kwa saa. S ni 180, T ni 190, V ni 240. Kwa gari linaloweza kufika 200, H ndiyo herufi ya kuanzia, hata kama mwenyewe anaendesha taratibu.

Tairi za zamani kama 175R14 hazina namba ya katikati. Ubavu wake kwa kawaida ni asilimia 80 hadi 82 ya upana. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kimo cha takriban milimita 640. Hiyo ndiyo namba ya kushika kichwani.

Kwa nini kimo kibaki palepale?

Spidomita ya 240Z haioni barabara. Inahesabu mizunguko tu. Ukifunga tairi fupi, gurudumu litazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na mshale utadanganya.

Hesabu ziko hivi, zikilinganishwa na milimita 640 za asili:

- 195/65R15: milimita 634, pungufu kwa asilimia 1 hivi.
- 195/70R14: milimita 629, pungufu kwa asilimia 2 hivi.
- 205/60R15: milimita 627, pungufu kwa asilimia 2.
- 185/70R14: milimita 615, pungufu kwa asilimia 4.
- 205/50R15: milimita 586, pungufu kwa zaidi ya asilimia 8.

Kwa hilo la mwisho, spidomita ikisoma 100, gari liko kwenye 92 hivi. Injini nayo itapiga kelele zaidi kwa mwendo uleule na tumbo la gari litashuka karibu na lami. Kwenye matuta, ekzosi ndiyo itakayolipa gharama.

Ukifunga tairi refu kupita kiasi, uongo unageuka. Mshale unasoma 80 wakati gari limeshapita hapo. Huo ni uongo hatari zaidi, maana dereva anadhani yuko salama.

Mafundi wengi hujaribu kubaki ndani ya asilimia 3 ya kimo cha asili.

Mtego wa herufi C

Ukiuliza dukani 175R14 au 185R14, unaweza kuletewa tairi lenye C mwishoni. Hilo ni tairi la gari la mizigo, kama zile zinazovaliwa na vipanya na pikapu ndogo.

Namba zinafanana lakini tabia hazifanani. Ubavu wake ni mgumu kwa sababu umetengenezwa kubeba mzigo, na mara nyingi kiwango chake cha mwendo kiko chini ya H. Kwenye gari jepesi la spoti litarukaruka na kushika vibaya kwenye kona.

Kwa nini 15 inapendwa?

Tairi za inchi 14 zenye herufi H zimekuwa adimu. Ndiyo maana wamiliki wengi wa 240Z huhamia rimu ya inchi 15. Saizi ya 195/65R15 inavaliwa na saluni nyingi za kawaida, hivyo kuipata si kazi.

Ila si rimu yoyote. Tairi la 195/65R15 linataka rimu yenye upana wa kati ya inchi 5.5 na 7. Kulazimisha tairi la 195 kwenye rimu ya asili ya inchi 4.5 ni kulibana kiuno: ubavu unavimba, kashata za katikati zinaisha mapema, na kwenye kona gari linayumba. Anayetaka kubaki na rimu yake ya kiwandani anaweza kufunga 185/70R14, akijua kwamba spidomita itazidisha kidogo.

Je, inchi 17? Inaingia, lakini kwa bei yake. Tairi la 215/40R17 lina ubavu wa milimita 86, wakati la asili lilikuwa na zaidi ya 140. Ule mpira uliokuwa unameza mashimo haupo tena. Shimo moja la usiku linatosha kukunja rimu.

Rimu: matundu, ofseti na uzi wa nati

240Z inatumia nati nne, na matundu yake yamepangwa kwenye duara la milimita 114.3. Rimu ya 4x100, ambayo ni ya kawaida kwenye magari madogo mengi, haiingii. Asikubali mtu kuambiwa "tutaibana hivyohivyo".

Ofseti ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na pale inapokaa kwenye habu. Kwa rimu ya 15 yenye upana wa inchi 7, ofseti iliyozoeleka kwa gari hili ni karibu na 0. Magari ya kisasa yanayovutwa kwa mbele huwa na ofseti ya 35 hadi 45. Rimu ya namna hiyo ikifungwa kwenye 240Z inaingia ndani mno na kugusa shokapu.

Kuziba pengo kwa kurundika spesa za bei rahisi si dawa. Nati zinabaki zimeshika nyuzi chache tu.

Tukija kwenye nati, Datsun inatumia milimita 12 kwa uzi wa 1.25. Nati za Toyota nyingi ni milimita 12 pia, lakini uzi wake ni 1.5. Nati hiyo itaanza kuingia kwa mkono, kisha itakaza. Akiongeza nguvu kwa spana, fundi anaharibu stadi, na gurudumu linabaki limeshikiliwa na bahati.

Tairi jipya kwa macho, zee kwa umri

Gari la kumbukumbu hutembea kilomita chache kwa mwaka. Kashata zinabaki nzuri huku mpira unakauka.

Umri umeandikwa ubavuni. Kwenye mstari unaoanza na DOT, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na halifai kuwa barabarani.

Kampuni kadhaa za tairi zinashauri likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano na litolewe likifika 10, hata kama halijaisha. Spea nayo inahesabiwa. Kwa tairi za mtumba, namba hizi nne ndizo za kwanza kusomwa, kabla ya bei.

Kabla ya kuondoka gereji

Gari lishushwe chini, watu wawili wakae ndani, usukani ukatwe hadi mwisho kila upande. Fundi aangalie kama tairi linagusa madigadi mbele au shokapu kwa ndani. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Tairi mbili za ekseli moja ziwe za saizi na aina moja, na radiali isichanganywe na tairi za zamani zisizo radiali.

Rimu za kiwandani zisiuzwe wala kutupwa. Zisafishwe kutu na kuhifadhiwa. Siku gari litakapouzwa, mnunuzi anayelijua 240Z ataziulizia.