Singasinga wa mpakani na mwandishi aliyeshitakiwa mara sita

Asubuhi yoyote pale Tunduma, mama mwenye kapu la nyanya huvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, na kurudi, akipita kando ya maroli yanayongoja makaratasi. Wanyamwanga wako huku na wako kule. Mstari uliowagawa walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, huko huko Ulaya, wakati chumvi ya Ivuna, huku huku Songwe, ilikwisha kuchemshwa vyunguni kwa karne nyingi na kuliwa bila mtu kuuliza ni ya nchi gani.

Kwa hiyo msomaji wa Songwe hahitaji kufafanuliwa mno hadithi fupi iitwayo “Toba Tek Singh”. India na Pakistani zimetengana, na serikali mbili zinaamua kubadilishana vichaa kama zilivyobadilishana wafungwa. Singasinga mmoja, aliyekaa miaka 15 katika hospitali ya wehu Lahore, anauliza swali moja tu: kijiji chake kiko nchi gani? Kila mtu ana jibu lake. Akifikishwa mpakani anakataa kuvuka, anasimama wima usiku kucha, na alfajiri anaanguka kifudifudi kwenye kipande cha ardhi kisicho cha India wala cha Pakistani.

Aliyeitunga, Saadat Hasan Manto, alifariki Lahore tarehe 18 Januari 1955. Mwaka 2025 ilitimia miaka 70, na mimi sikusikia neno redioni. Ajabu, maana Wapunjabi, watu wa kwao Manto, si wageni Afrika Mashariki. Ndio waliolaza mataruma ya reli ya Mombasa, na Makhan Singh, mzaliwa wa Gujranwala, alisimama Nairobi Aprili 1950 akadai uhuru hadharani.

Manto alizaliwa Samrala, Punjab, mwaka 1912, akakulia Amritsar. Aliandika kwa Kiurdu, si Kipunjabi, kama Mnyamwanga aandikavyo kwa Kiswahili. Shuleni alifeli Kiurdu hicho hicho. Alianza kwa kumtafsiri Victor Hugo, akaenda Bombay kuandika filamu, akapita redio ya Delhi, na Januari 1948 akahamia Lahore. Mpaka mpya ulikuwa umechorwa na wakili Mwingereza, Cyril Radcliffe, kwa wiki tano hivi. Kabla ya kazi hiyo hakuwahi kukanyaga India.

Mwanahistoria Ayesha Jalal, ambaye ni wa ukoo wa Manto, anashikilia kwamba damu iliyomwagika mwaka 1947, India na Pakistani zilipotengana, husomeka vizuri zaidi katika hadithi za Manto kuliko katika majalada ya serikali. Mimi nakubaliana naye. Serikali za wakati ule hazikukubali. Manto alishitakiwa kwa uchafu wa maandishi mara sita, tatu chini ya Mwingereza na tatu chini ya Pakistani huru.

Kesi iliyovuma ni ya “Thanda Gosht”, yaani Nyama Baridi, iliyotoka katika jarida moja la Lahore mwaka 1949. Mwanamume aliyekuwa akipora na kuua anamteka msichana, na anagundua amechelewa: aliyembeba begani ni maiti. Tangu hapo yeye naye amekufa ganzi. Wenye magazeti waliitwa wakae baraza. Mwenyekiti, mshairi Faiz Ahmed Faiz, akasema hakuna uchafu. Mjumbe mmoja, Maulana Akhtar Ali, akaruka juu: fasihi ya namna hii haina nafasi Pakistani! Faili likaenda mahakamani. Huko Faiz akarudia kwamba si chafu, ila akaongeza kuwa haijafikia daraja ya fasihi ya juu. Nadhani neno hilo lilimchoma Manto kuliko hukumu yenyewe. Hakimu akampa miezi mitatu ya kazi ngumu na faini ya rupia 300. Rufani ikamwachia huru. Serikali nayo haikuridhika, ikapanda Mahakama Kuu, na faini ya rupia 300 ikarudi.

Kufikia hapo pombe ilikwisha kumshika. Alilazwa hospitali ya wehu ya Lahore, ile ile aliyokuja kumweka Singasinga wake, na hadithi nyingine akaziuza papo kwa papo apate ya chupa. Ini likamwua akiwa na miaka 42, akaacha mjane Safia, mabinti watatu na vitabu 22 vya hadithi fupi.

Mwaka 2012 Pakistani ikampa nishani kubwa, marehemu tayari. Mwaka 2018 ikatoka filamu ya maisha yake iliyoongozwa na Nandita Das wa India, nayo ikapigwa marufuku huko Pakistani. Kumsoma hapa Tunduma si rahisi: maduka ya simu ndiyo yaliyobanana. Ukiuliza duka la vitabu vya hadithi utaelekezwa kwa muuza madaftari.

Miezi michache kabla ya kufa, Manto alijiandikia maneno ya kaburini, akiuliza nani bingwa zaidi wa hadithi fupi, yeye au Mungu. Jamaa zake wakaogopa ghasia. Kaburini kwake, kwenye makaburi ya Miani Sahib, Lahore, wakachonga maneno mengine.